Pesa na mkono unaozishika: kisa cha mtaa mmoja wa Mombasa na mswada wa kubadilisha Katiba

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa Mombasa kati ya Aprili na Septemba 2025, mwaka ambao Bunge la Taifa lilikusanya maoni kuhusu mswada wa kubadilisha Katiba ili hazina ya CDF, yaani hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, iandikwe ndani yake. Nakiandika kwa wanaoendesha vikao vya aina hii: viongozi wa vikundi vya vijana, wazee wa mtaa, walimu, maimamu na wachungaji wanaofuatwa na watu baada ya ibada na kuulizwa, "Hili jambo limekaaje?" Jina la mtaa, la eneo bunge na la kila aliyesema nimeyatoa, na baadhi ya alama ambazo zingemtambulisha mtu nimezibadilisha. Vikao vyote vitatu niliviongoza mimi. Makosa ya kikao cha kwanza kwa hivyo ni yangu, na nitayaeleza kama yalivyokuwa, kwa sababu nimeyaona yakirudiwa kwingine na watu wenye nia njema kabisa.

## Hali ilivyokuwa

Mombasa ina maeneo bunge sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Katika kila mojawapo, mzazi mwenye mtoto wa sekondari anaijua njia ya ofisi ya CDF kama anavyoijua njia ya sokoni. Hazina hii ilianza 2003, kabla ya Katiba ya sasa, na sheria ya 2015 inaitengea angalau asilimia 2.5 ya fungu la serikali ya kitaifa katika mapato ya nchi. Inajenga madarasa na vyoo vya shule, inajenga ofisi za machifu, na inalipa karo. Kwa wengi wa mtaa huu, CDF ni hilo la mwisho tu. CDF ni basari.

Mahakama zimeiona kwa jicho lingine. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba: ilivuruga mgao wa kazi na fedha baina ya serikali ya kitaifa na kaunti, na ilimwingiza mbunge katika kutekeleza miradi ilhali kazi yake ni kutunga sheria na kuichunga serikali inayotekeleza. Tarehe 20 Septemba 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaibatilisha na ile ya 2015, wakaipa hazina muda wa hadi tarehe 30 Juni 2026. Jibu la wabunge likawa kwamba kama sheria inagongana na Katiba, basi Katiba ndiyo ibadilishwe. Mswada wa 2025 ukataka hazina tatu ziingizwe humo: ya maeneo bunge, ile ya wabunge wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na moja ya Seneti kwa kazi ya uangalizi.

Kuna jambo moja zaidi lililofanya wazazi wawe na wasiwasi kabla hata mswada haujasikika mtaani. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kwa kuwa elimu ya sekondari si kazi ya kaunti. Suala hilo liliishia mahakamani, lakini kwa mzazi aliyekuwa akisubiri muhula wa kwanza ujumbe ulikuwa mmoja tu: basari zinaondolewa. Kwa hivyo tulipoitisha kikao kuzungumzia "CDF na Katiba", watu walikuja wakiwa tayari wamejikunja kama mtu anayengoja kupigwa.

Kikundi chetu ni cha wakazi. Kilianza kwa shughuli za maji na taka, kikajikuta kinaulizwa maswali ya bajeti, na baadaye ya Katiba.

## Kikao cha kwanza

Tuliketi Jumamosi ya mwisho ya Aprili, baada ya swala ya Alasiri, katika ua wa madrasa. Wazee walikalia viti vya plastiki, kina mama wakakaa kwenye busati, vijana wakasimama ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nne. Niligawa kopi za Vifungu vya 255 na 256 nikavisoma na kuvieleza: kwamba Bunge linaweza kubadilisha Katiba likipata thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya maseneta wote, na kwamba mabadiliko yanayogusa mambo fulani makubwa, zikiwemo kazi za Bunge na misingi ya ugatuzi, lazima yaende kwa wananchi kupigiwa kura ya maamuzi. Nilizungumza kama dakika arubaini. Nilipomaliza hakukuwa na swali hata moja.

Nikaongeza maneno ambayo niliyaona mepesi: "Katiba inampa mbunge kazi ya kusimamia fedha za serikali. Ndiyo maana mahakama imesema asiendeshe hazina."

Bibi mmoja aliyekaa mwanzo wa busati akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si umesema mwenyewe kazi yake ni kusimamia fedha? Sasa akizisimamia kosa liko wapi?"

Watu wakatikisa vichwa, wakimuunga mkono. Nikamsomea tena Kifungu cha 95, polepole zaidi, kana kwamba hakusikia. Alikuwa amesikia vizuri sana, na swali lake ndilo lililokuwa ufunguo wa mambo yote. Mimi ndiye niliyepita juu yake.

Hapo kijana mmoja, wa wale walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, akadakia: "Hii basari ni hongo. Tunapewa vijisenti ili tunyamaze miaka mitano."

Mama mmoja akasimama. Huuza viazi karai jioni na karibu kila mtu pale alikuwa amekula kwake. Alifungua mkoba akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu. Ndani mlikuwa na fomu ya basari: muhuri wa chifu wa rangi ya zambarau, umekolea upande mmoja na kufifia mwingine; nakala ya kitambulisho imebanwa kwa stepla; karatasi ya karo kutoka shuleni; na pembeni mwa ukurasa wa kwanza, alama ya mafuta ya kidole. Akaiinua kila mtu aione.

"Hii ni safari ya nne," akasema. "Kwa chifu mara mbili, kwa sababu ya kwanza sikumkuta. Saiba mara moja. Ofisini mara moja, nikaambiwa karatasi ya shule haina muhuri. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Wewe unayesema hongo, karo yake utamlipia wewe?"

Kijana akamjibu kwa maneno ambayo sitayarudia. Adhana ya Magharibi ilitukuta tukipigiana kelele. Kina mama wakakunja busati lao wakaondoka, na hakuna aliyeniaga.

## Tulivyoamua baada ya hapo, na kwa nini

Usiku ule tulikaa wanne. Rai ya kwanza ilikuwa tuendelee na waliobaki, yaani vijana na wazee wachache, tuandike maoni ya kupinga mswada na kuyapeleka. Ilikuwa njia fupi, na muda ulikuwa unatubana, kwa maana vikao rasmi vya Bunge katika maeneo bunge yote 290 vilikuwa mapema Mei. Tuliikataa. Maoni ya mtaa kuhusu basari yasiyo na sauti ya wanaoomba basari hayangekuwa maoni ya mtaa.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, aliyekuwa amekaa kimya kikao kizima, ndiye aliyeona tulipoteleza. Alisema tatizo lilianza kwenye neno "kusimamia". Anayesimamia ujenzi ndiye anayeuendesha: anaajiri mafundi, ananunua saruji. Anayesimamia mtihani hafanyi mtihani. Kazi yake ni kuangalia mtu asiibe. Neno moja limebeba kazi mbili, na kesi yote ya mahakamani ilikuwa ikisema kwamba kazi hizo mbili zisikae katika mkono mmoja. Yule bibi hakukosea. Alilielewa neno nililompa, na neno lenyewe ndilo lililoficha jambo.

Hapo tukaamua mambo manne. Tuliache neno hilo kabisa, tuseme "kuendesha" kwa moja na "kukagua" kwa lingine. Tuligawe swali mara mbili: je, pesa hizi ziendelee kuja, na je, ni mkono gani uzishike? Niende mwenyewe kwa mama wa viazi nikamwombe radhi, si kwa maneno ya kijana peke yake, bali pia kwa kuwa mimi ndiye niliyeacha hali ifike pale. Na la nne, tusipige kura. Kura kati ya watu thelathini na kitu ingempa kila upande namba ya kujivunia na isingetuambia lolote jipya.

Nilimkuta jioni akiwa na karai motoni. Hakusimamisha kazi. Alinisikiliza huku akigeuza viazi, kisha akaniambia atakuja, lakini kwa sharti kikao kiwe asubuhi. Baada ya Alasiri ndipo anapoanza kutengeneza unga na kumenya viazi, na wenzake wengi wana biashara za jioni kama yeye. Kumbe tangu mwanzo tuliweka saa ambayo waliohusika zaidi hawakuwa na nafasi.

## Kikao cha pili

Jumapili saa nne asubuhi, kwenye baraza ya nyumba ya mzee mmoja, mwalimu alileta ubao na chaki. Aliandika maneno mawili, PESA na MKONO, akapiga mstari katikati. Kila aliyesema aliulizwa kwanza anazungumzia upande upi.

Upande wa PESA ulijaa kwa dakika chache na hakukuwa na ugomvi. Kila mtu, pamoja na yule kijana, alitaka karo zilipwe. Alipoliona hilo limeandikwa, mama wa viazi alikaa vizuri. Nilijua basi kwamba ule ukali wa Jumamosi ulitokana na kuamini kwamba tumekuja kumwambia mwanawe asisome.

Upande wa MKONO ndipo tulipokaa karibu saa mbili.

Mzee aliyestaafu bandarini alianza na jambo ambalo kila mtu amelipita kila siku bila kulitazama. Kwenye ukuta wa darasa jipya la shule ya jirani pamechorwa jina la mbunge kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. "Pesa hizi ni za kodi," akasema. "Mimi nimekatwa kodi miaka thelathini. Mbona ukutani hakuna jina langu?" Halafu akauliza: darasa lile likipasuka, nani atakayemwuliza aliyelijenga? Kwa Katiba, wabunge ndio wanaokagua matumizi ya fedha za kitaifa. Lakini kamati inayochagua mradi inakaa chini ya kivuli cha mbunge huyo huyo. "Hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani."

Mama wa viazi aliinua mkono. Yeye ni katibu wa chama cha akiba cha kina mama ishirini. "Kwetu mweka hazina hashiki daftari," akasema. "Anayehesabu pesa ni mwengine, anayeandika ni mwengine, na siku ya kugawa tunakaa sote. Mweka hazina wetu si mwizi. Ni dada yangu wa tumbo moja. Lakini daftari halishiki."

Maneno hayo yalifanya kazi ambayo dakika arubaini zangu hazikuifanya. Yule bibi wa swali la Jumamosi akacheka, akasema, "Sasa nimefahamu. Mbunge ashike daftari, pesa ashike mwengine."

Laiti mjadala ungeishia hapo, kisa hiki kingekuwa rahisi kuandika. Mama wa viazi hakuwa amemaliza. Aligeuka kwangu: "Haya. Huu mkono mkiuondoa, mtaniletea mkono gani?"

Hilo ndilo pingamizi zito kuliko yote, na wanaotetea marekebisho ya utawala hulipita mbio. Mzee mwingine alimuunga mkono kwa historia. Alikumbusha jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya 2003: mradi wa shule ya Pwani ulingoja kibali cha Nairobi, na Nairobi ilikumbuka waliokuwa karibu nayo. Mbunge, alisema, angalau unajua nyumbani kwake. Ukimkosa ofisini utamkuta mazishini. Afisa wa wizara utamkuta wapi? Kijana akataka fedha zote zipelekwe kaunti, akajibiwa na mama wa tatu kwamba basari ya kaunti ndiyo iliyomchanganya kichwa tangu Januari.

Tulikuwa tumekuja na hoja dhidi ya mkono uliopo. Kuhusu mkono wa badala hatukuwa na karatasi hata moja. Mwalimu ndiye aliyetutoa hapo tulipokwama. Alifungua Kifungu cha 53 akasoma: kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kisha akaeleza kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu sekondari ndani ya elimu ya msingi. Akaandika upande wa MKONO: "Shule yenyewe". Fedha zifuate mwanafunzi hadi shuleni moja kwa moja kupitia mgao wa serikali, mama asizunguke na fomu kutafuta muhuri wa kuomba kitu ambacho Katiba imeshasema ni haki ya mwanawe.

Baraza nzima ilinyamaza kidogo. Mama wa viazi akatazama mfuko wake wa nailoni. Alisema, "Hayo ni mazuri. Lakini mpaka hayo yaje, mimi nataka hii ilipwe." Tuliandika maneno yake yalivyo, na yaliingia katika waraka.

## Kuandika waraka

Kikao cha tatu kilikuwa cha kuandika. Tuliandika kurasa mbili kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hivyo hatukuona sababu ya kutafsiri mawazo ya mtaa ili yapokelewe. Nakala ya mswada tuliyoipata sisi ilikuwa ya Kiingereza. Mwalimu alitutafsiria vifungu vikuu usiku.

Waraka ulisema mambo matatu. Fedha za elimu ziendelee kuja na zisikatike wakati wa mpito. Kuendesha hazina kutoke mikononi mwa wabunge, na hadi hapo orodha ya wanaopata basari ibandikwe hadharani kila muhula. Na kwa kuwa mswada unagusa kazi za Bunge na ugatuzi, tuliomba uende kwa kura ya maamuzi kama Kifungu cha 255 kinavyotaka. Chini yake tuliandika aya ya wasiokubaliana: waliotaka hazina iandikwe katika Katiba vile vile kama mswada unavyosema, pamoja na sababu zao kuhusu Nairobi na wizara.

Ugumu ulikuja kwenye saini. Watu walioongea kwa ujasiri barazani walirudi nyuma kalamu ilipowafikia. Mama mmoja alinivuta kando: "Jina langu likionekana hapo, mwanangu muhula ujao atapata?" Sikuwa na namna ya kumhakikishia. Tuliamua waraka uende kwa jina la kikundi na idadi ya waliohudhuria, bila orodha ya majina. Tulijua utakuwa na uzito mdogo. Lakini kumwomba mtu aweke karo ya mwanawe rehani kwa ajili ya waraka wetu hakukuwa jambo la haki.

## Matokeo

Ukumbi wa kikao rasmi ulijaa. Tulipoingia, wengi walikuwa wamekuja na jibu moja. Swali lililoulizwa kutoka mbele lilikuwa kama hili: mnataka CDF iendelee au ifungwe? Ukumbi ukajibu "Iendelee!" Swali la mkono halikuulizwa. Msemaji wetu, yule mzee wa bandarini, alipewa dakika mbili. Alitumia moja kueleza chama cha kina mama na daftari, na nilisikia vicheko vya watu waliofahamu. Waraka ulipokewa, na nakala yetu ikapigwa muhuri.

Tarehe 1 Julai 2025 Bunge la Taifa lilipitisha mswada kwa kura nyingi zaidi ya 233 zilizohitajika, ukaelekea Seneti. Hatukupata jibu lolote kuhusu waraka.

Kando ya hayo tulikuwa tumeandika ombi la taarifa kwa ofisi ya hazina, kwa kutumia Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inatoa siku 21 za kujibu. Jibu lilikuja likiwa limechelewa kwa wiki kadhaa: majina ya shule na jumla ya fedha zilizopelekwa kila moja. Vigezo vya kuchagua wanafunzi havikuwemo. Lakini mwezi Julai orodha ya waliopata basari ya muhula wa pili ilibandikwa ukutani kwa chifu, kurasa nne, majina ya watoto yamefupishwa kwa herufi za mwanzo. Sidai kwamba ni sisi tuliofanya ibandikwe. Nasema tu kwamba katika miaka yangu yote mtaani sikuwahi kuiona pale.

## Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kuligawa swali. Swali la "mnaitaka CDF?" lina jibu moja kwa mtu mwenye karo ya kulipa, na anayeliuliza hivyo, awe mwanaharakati au mwanasiasa, atavuna jibu hilo hilo. Tulifanya kosa hilo sisi Aprili, na ukumbi rasmi ukalifanya Mei. Tofauti ni kwamba sisi tulipata wiki ya kulirekebisha. Anayeandaa kikao kuhusu mabadiliko ya Katiba aanze kwa kuuliza ni maswali mangapi yamefungwa katika furushi moja, kwa sababu miswada ya namna hii huja imefungwa furushi. Huu ulikuwa na hazina tatu ndani yake, na ile ya Seneti, inayohusu kuchunga fedha za kaunti, hatukupata hata nusu saa ya kuizungumzia. Ni upungufu wetu mkubwa.

La pili ni lugha. Tunazo tafsiri za maneno ya utawala zinazosomeka vizuri magazetini lakini barazani zinafunga mlango. "Kusimamia" ni moja. "Uwajibikaji" ni lingine: wengi huuelewa kama bidii ya kazi, na kumbe katika mjadala huu maana yake ni kulazimika kutoa hesabu mbele ya aliyekupa dhamana. Dawa tuliyoipata ni kutafuta taasisi ya mtaani ambayo tayari inafanya jambo hilo. Chama cha kina mama kinatenganisha pesa na daftari bila kusoma katiba ya nchi yoyote. Michango ya harusi na ya matanga vivyo hivyo. Hoja ilipotoka kinywani mwa katibu wa chama ilikuwa na nguvu ambayo kwangu isingekuwa nayo, na tungemkosa kabisa lau hatungemfuata kwenye karai lake.

Kumwendea, hata hivyo, hakukufuta yote. Kijana wa Juni 2024 alikuja kikao cha pili na hakurudi cha tatu. Alihisi waraka umelainishwa mno. Naona alikuwa na haki ya kuhisi hivyo, na sikumtafuta mapema kama nilivyomtafuta mama. Aya ya wasiokubaliana ilibeba waliotaka mswada upite. Waliotaka hazina ifungwe leo hii haikuwabeba, nao walikuwepo.

Tulishindwa pia katika wakati. Kifungu cha 256 kinataka zipite angalau siku 90 kati ya kusomwa mswada mara ya kwanza na ya pili, na siku hizo zimewekwa makusudi ili nchi izungumze. Sisi tuliamka tukiwa tumechelewa. Tungeanza mapema tungepata nafasi ya kuialika ofisi ya hazina ije ieleze inavyochagua wanafunzi, na kuandaa hesabu ya mkono wa badala. Pendekezo la "shule yenyewe" lilikwenda bila tarakimu hata moja, na pendekezo la fedha lisilo na tarakimu ni rahisi kuwekwa kando.

Kuhusu waraka usiojibiwa, watu kadhaa mtaani walisema tumepoteza muda. Sikubaliani nao, na nina sababu ya kisheria. Tarehe 31 Machi 2022, katika kesi ya BBI, jaribio la awali la kubadilisha Katiba, Mahakama ya Juu ilikataa maeneo bunge mapya 70 kwa kuwa yaliingizwa katika mswada ule bila wananchi kushirikishwa. Ushirikishaji wa umma una meno, lakini meno hayo huuma pale tu penye ushahidi wa nini kilisemwa na nini kilipuuzwa. Nakala yenye muhuri, daftari la waliohudhuria na picha ya ubao wenye PESA na MKONO ni vitu vya kuhifadhi. Vyetu vimo katika bahasha ya plastiki kwa mwalimu.

Hofu ya saini bado sijaipatia dawa. Mzazi anayeogopa kuandika jina lake chini ya maoni kuhusu basari ametuonyesha, kuliko hoja yoyote ya mahakamani, kinachotokea anayetoa pesa anapokuwa ndiye unayepaswa kumwuliza. Kikundi kingine kikipata njia ya kukusanya majina bila kuyaanika, tungependa kujifunza kwao.

Orodha ya muhula wa tatu haikubandikwa. Wiki ya pili ya Septemba wanawake wawili walikwenda ofisini kuiulizia: yule mama wa viazi, na mweka hazina wa chama chake. Daftari alilishika mama wa viazi, akaandika humo jina la aliyewapokea, saa, na jibu walilopewa.